Piano iliyopigwa kama ngoma, na ngoma iliyozaliwa kwenye piano: jioni moja ya Ravel, Prokofiev na Stravinsky

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kusikiliza okestra hapa Chicago ninakoishi, na tangu nirudi sijatulia. Najua humu ndani kuna wanakwaya, wapiga vinanda wa kanisani na wapenzi wa taarabu, kwa hiyo nauleta kwenu. Uzi utakuwa mrefu, nitaugawa vipande.

Zilikuwa koncheto mbili za piano kabla ya mapumziko, halafu muziki wa baleti, ule uchezaji wa jukwaani unaosimulia hadithi, bila mchezaji hata mmoja jukwaani. Kwa asiyejua, koncheto ni utungo ambamo mpigaji mmoja anakaa mbele na okestra nzima iko nyuma yake. Kuna wakati wanapatana, kuna wakati wanagombana, na utamu wake uko hapo kwenye kugombana.

Kilichonishika ni jambo ambalo Kiswahili kinalijua zamani. Sisi tukisema ngoma, ni kile chombo cha kupigwa, ni kule kucheza, na ni shughuli nzima. "Leo kuna ngoma kwa fulani" inatosha, kila mtu ameelewa. Ulaya vitu hivi vilikuwa vimetenganishwa: piano kubwa ukumbini kwa waliokaa kimya, baleti kwenye jumba lake, ngoma yenyewe nyuma kabisa ya okestra ikisubiri zamu yake. Kati ya mwaka 1911 na 1932 watunzi watatu, Ravel Mfaransa na Prokofiev na Stravinsky Warusi, walivirudisha pamoja. Nilikisikia kwa masikio yangu usiku mmoja, ndiyo maana naandika.

#2 Mleta uzi

Tuanze na Ravel, koncheto ya mkono wa kushoto.

Taa zilipopunguzwa, kwa sekunde kadhaa sikusikia kitu. Kisha nikahisi sakafu. Selo na besi, zile fidla kubwa, zikaanza kunguruma chini kabisa, na juu ya mngurumo ule kontrabasuni, lile bomba refu la mbao lililokunjwa, likaanza kuimba polepole. Sauti ikapanda hatua kwa hatua hadi okestra nzima ikawa imesimama wima. Ndipo ikakatika, na piano ikaingia peke yake. Mkono mmoja.

Nilikuwa nimekaa upande wa kushoto ukitazama jukwaa, kwa makusudi, kwa sababu ndipo unapoona vibao vya piano na mikono ya mpigaji. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka pajani. Wa kushoto ulipokimbilia noti za juu kabisa, upande wa kulia wa piano, ule uliolala ulishika ukingo wa kiti ili asivutwe akaanguka. Mwili wote ulikuwa umepinda kama mtu anayechota maji kisima kirefu.

Anayesikiliza redioni hawezi kukubali kwamba ni mkono mmoja. Siri iko kwenye kidole gumba. Mkono wa kulia ukiwa kwenye vibao, gumba liko upande wa sauti za chini. Mkono wa kushoto ni kinyume, gumba ndilo liko upande wa juu, penye wimbo. Basi Ravel akalipa gumba kazi ya kuimba, vidole vinne vingine vinaruka kwenda kwenye besi na kurudi, na kanyagio la mguu linazishikilia zile sauti za chini zisife wakati mkono umeshaondoka. Ni hesabu ya viungo vya mwili kabla haijawa hesabu ya noti.

Aliyeagiza utungo huu ni Paul Wittgenstein wa Vienna, mpiga piano aliyejeruhiwa mwaka 1914 mwanzoni kabisa mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mkono wa kulia ulikatwa, naye akachukuliwa mateka na Warusi hadi Omsk, Siberia. Huko huko kambini akaanza kujifunza upya kwa mkono uliobaki. Baada ya vita, familia yake ikiwa na mali nyingi, akawalipa watunzi wakubwa wamwandikie: Ravel, Strauss, Korngold, Hindemith, Prokofiev, baadaye Britten. Koncheto ya Ravel aliipiga kwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 5 Januari 1932.

Walikosana. Wittgenstein alibadilisha noti kadri alivyoona inafaa, na Ravel hakumsamehe. Mimi niko upande wa Ravel. Lakini nikimfikiria yule mtu kambini, na mkono mmoja na baridi ya Siberia, siwezi kumhukumu kwa ukali.

Na Ravel naye hakuwa akiandika vita vya kusimuliwa. Mwaka 1916 alikuwa dereva wa lori la jeshi karibu na Verdun. Ukifika katikati ya koncheto, ule mwendo wa askari unapoingia, wenye jazi ndani yake, unacheza na kutisha kwa pamoja. Watu walikuwa wakitikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi.

#3 Mchangiaji

Dada, asante kwa uzi. Nimepiga kinanda kanisani miaka kumi na mbili na sikuwahi kufikiria habari ya gumba. Leo jioni najaribu. Endelea, tuko pamoja.

#4 Mleta uzi

Naendelea. Ya pili ilikuwa Koncheto ya Tatu ya Prokofiev, na hii ina undugu na mji huu. Ilipigwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Chicago, tarehe 16 Desemba 1921. Prokofiev mwenyewe alikuwa kwenye piano, na Frederick Stock akiongoza okestra ya Chicago.

Alikuwa ameondoka Urusi mwaka 1918, mapinduzi yakiwa bado moto. Alivuka Siberia, akapita Japani, akafika Marekani akitafuta maisha kama tulivyofika wengi wetu. Alibeba vipande vya nyimbo alivyokuwa ameviandika tangu kabla ya vita, baadhi tangu mwaka 1911. Kiangazi cha 1921, akiwa pwani ya Ufaransa, akavikusanya vikawa koncheto. Koncheto yake ya Pili alikuwa ameiacha Urusi, na daftari la noti likateketea kwa moto. Ikambidi aiandike upya, ikapigwa tena Paris mwaka 1924. Mtu aliyepoteza kazi nzima namna hiyo lazima ajifunze kutotupa kitu.

Inaanza na klarineti, chombo cha kupuliza, peke yake. Wimbo mdogo, wa Kirusi kabisa, wa mtu anayekumbuka nyumbani. Klarineti ya pili inaungana naye, kisha fidla. Unadhani utakuwa usiku wa kulia. Ghafla fidla zinaanza kukimbia, noti ndogondogo zinazopanda bila kupumua, na piano inarukia humo ndani kama mtoto anayedandia daladala iliyokwisha ondoka.

Kuanzia hapo piano si chombo cha kubembeleza tena. Ndani ya piano kuna nyundo, zimekuwamo tangu ilipoundwa, ila kwa karne nzima watunzi walijitahidi tuzisahau, waifanye iimbe kama koo la mtu. Prokofiev akasema hapana, hizi ni nyundo, tuzisikie. Sehemu ya kwanza ina kayamba za Kihispania, zile kastaneti za mbao, zinagonga pamoja na piano, na kwa muda fulani huwezi kusema kipi ni kipi. Sehemu ya pili ni wimbo mmoja unaovalishwa mavazi matano. Katika la nne mambo yanatulia kabisa, piano inadondosha sauti moja moja, na mzee aliyekaa mbele yangu alivua miwani.

Mwisho wa sehemu ya tatu ndipo mikono ilipokuwa kivumbi. Kuna mahali kidole kimoja kinabonyeza vibao viwili vilivyopakana kwa mara moja, mikono yote miwili, kwa kasi, ikipanda. Kutoka nilipokaa sikuona vidole, niliona ukungu mweupe. Alipomaliza, kabla hajainuka, alitazama viganja vyake kwanza.

Mkitaka kumsikia Prokofiev mwenyewe akiipiga, mnaweza. Aliirekodi London mwaka 1932 na London Symphony Orchestra chini ya Piero Coppola. Sauti ni ya zamani, lakini mdundo wake hauyumbi hata kidogo. Mkipenda rekodi safi zaidi, tafuteni ya Martha Argerich na Claudio Abbado ya mwaka 1967.

#5 Mchangiaji

Mleta uzi, na Rachmaninoff, yule mtunzi Mrusi mwingine, umemwacha wapi? Koncheto za mwanzo wa karne ya ishirini bila Rachmaninoff ni pilau bila bizari.

#6 Mleta uzi

Mkuu, hukukosea. Nampenda sana, na Koncheto ya Tatu ndiyo iliyonifanya nianze kununua tiketi. Aliipiga New York kwa mara ya kwanza tarehe 28 Novemba 1909, Walter Damrosch akiongoza, kisha Januari 1910 akaipiga tena na kiongozi wa okestra akiwa Gustav Mahler. Kwenye meli kutoka Ulaya alifanya mazoezi kwa kibodi bubu, vibao visivyotoa sauti, kwa sababu muda ulikuwa umembana. Hebu fikiri, ile mvua yote ya noti kwenye vibao bubu, baharini.

Lakini Rachmaninoff anafunga mlango wa karne ya kumi na tisa kwa heshima zote. Piano yake inaimba. Jumamosi ilikuwa ya wale waliofungua mlango mwingine, ndiyo maana hakuwamo, nami sikumkosa.

#7 Mleta uzi

Sasa mapumziko, na hapa ndipo nilipoelewa jioni nzima.

Wengi walitoka kwenda kunywa. Mimi nilibaki. Wafanyakazi wanne wa ukumbi wakaja, wakafungua breki za magurudumu ya piano, wakaisukuma kutoka mbele hadi nyuma, katikati ya okestra, jirani na kinubi. Kiti cha yule bingwa kikaondolewa. Akaja mpigaji wa kawaida wa okestra, kavaa nguo nyeusi kama wenzake, akaketi kati yao. Ile iliyokuwa bibi harusi nusu saa iliyopita sasa ilikuwa mmoja wa wapishi.

Na utungo uliofuata, Petrushka wa Stravinsky, ulisafiri njia hiyo hiyo.

Mwaka 1910 Stravinsky alikuwa kijana aliyetoka kupata jina kwa baleti ya Ndege wa Moto, iliyochezwa Paris mwezi Juni mwaka huo na kundi la Ballets Russes la Sergei Diaghilev. Diaghilev alimfuata Uswisi akitarajia kusikia kazi nyingine waliyokuwa wamekubaliana, ile iliyokuja kuwa Kuchipua kwa Majira (The Rite of Spring). Akamkuta kijana anapiga kitu tofauti kabisa: utungo wa piano na okestra. Stravinsky alikuwa akimwona kichwani kikaragosi aliyepata uhai ghafla, anaichokoza okestra kwa mbio za piano, okestra inamjibu kwa tarumbeta, mpaka inamshinda anaanguka. Diaghilev hakuwa mwanamuziki mkubwa, lakini alikuwa na jicho. Akamwambia hii ni baleti. Wakampa kikaragosi jina, Petrushka, yule wa maonyesho ya mitaani Urusi, na wakamjengea gulio la St. Petersburg la miaka ya 1830 amzunguke.

Tarehe 13 Juni 1911, Théâtre du Châtelet, Paris, ikachezwa. Pierre Monteux akiongoza okestra, Fokine ametunga uchezaji, Benois amechora jukwaa, Nijinsky ndiye Petrushka.

Kwa hiyo wakuu, baleti hii ilizaliwa koncheto. Piano ilitoka mbele ikaenda nyuma, na mahali pake mbele akasimama mchezaji. Vidole vikawa miguu. Hii ndiyo sababu nasema walirudi kwenye ngoma, hata kama hawakuwa na neno lake.

#8 Mchangiaji

Niko Unguja. Nimesoma yote, nina la kuuliza. Sisi kwenye taarabu wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda kutunza, unacheza kidogo unarudi kitini. Ikhwani Safaa, kikundi chetu cha taarabu, imekuwapo tangu 1905, miaka hiyo hiyo ya hawa wazungu wako, na hakuna aliyewahi kuambiwa akae kimya. Hao wanaokaa kama wako mtihanini wanafaidi nini? Sisemi kwa ubaya.

#9 Mleta uzi

Shehe wangu, umegusa penyewe. Mimi mwenyewe Jumamosi nilitaka kuinuka. Ukimya ule una faida yake: bila huo nisingesikia kontrabasuni ikianza. Lakini baleti hizi hazikupokelewa kwa ukimya. Tarehe 29 Mei 1913, kundi lile lile la Diaghilev lilipoleta Kuchipua kwa Majira pale Théâtre des Champs-Élysées, watu walizomea, wengine wakawazomea waliozomea, hadi wachezaji hawakuisikia okestra. Nijinsky alisimama juu ya kiti pembeni ya jukwaa akiwahesabia wachezaji hatua kwa kelele. Monteux akaendelea kuongoza mpaka noti ya mwisho. Hao hawakuwa mtihanini.

Nami ningetoa chochote kuisikia Petrushka mahali ambapo mtu anaruhusiwa kutunza. Ule mwanzo wa gulio unaomba. Filimbi inaita upande huu, huku walevi wanapita, kule kinanda cha kuzungusha kwa mkono kinalia wimbo wa mtaani, na upande mwingine mchezaji mwingine na wimbo wake mwingine. Vyote kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Ukitaka picha ya Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu, redio za maduka manne zikiwa wazi kwa wakati mmoja, hiyo hapo.

Wimbo ule wa kinanda cha kuzungusha Stravinsky aliusikia mitaani kusini mwa Ufaransa, akadhani ni wa kale usio na mwenyewe. Mwenyewe alikuwapo na alikuwa hai, Émile Spencer, na kuanzia hapo akawa anapata fungu lake la malipo kila baleti inapochezwa. Haki yake.

#10 Mchangiaji

Dada, samahani, mimi nimeitazama baleti hiyo mtandaoni baada ya kusoma uzi wako. Muziki mzuri. Lakini yule Mweusi, Moor wao, nimeshindwa. Mzungu kapakwa masizi, analala chali anachezea nazi, halafu anaisujudia. Halafu ndiye muuaji. Na sisi tushangilie?

#11 Mleta uzi

Hapana, tusishangilie, na asante kwa kusema kabla yangu. Nilikuwa natafuta namna ya kulifikia.

Kwenye hadithi kuna vikaragosi watatu: Petrushka, mchezaji wa kike ambaye Petrushka anampenda, na huyo Mweusi ambaye yule mwanamke anamchagua. Mwishoni Mweusi anamkata Petrushka kwa upanga wa kupinda. Tangu mwaka 1911 alichezwa na mzungu aliyepakwa rangi. Ni mtu aliyechorwa na watu wasiomjua. Sisi wa pwani tunaoijua nazi kuanzia dafu hadi kifuu, tunaokuna tui kila siku ya Mungu, tunaonyeshwa Mwafrika anayeiogopa nazi. Iliniuma mara ya kwanza nilipoiona na inaniuma sasa.

Niliposikiliza ukumbini hakukuwa na mtu aliyepakwa kitu. Kulikuwa na klarineti na klarineti ya besi zikitembea pamoja, nzito, na ngoma kubwa na matoazi yakigonga taratibu chini yake. Bila ile picha, muziki ule una mashaka na upweke wake. Lakini siwezi kujidanganya kwamba Stravinsky hakuwa na ile picha mbele yake alipouandika. Alikuwa nayo. Ndiyo maana naipenda Petrushka ya ukumbini kuliko ya jukwaani, na wanaoirudisha jukwaani leo bila kubadilisha chochote sioni wana udhuru gani.

#12 Mleta uzi

Kilichobaki ni ile sauti yenyewe, na hii nawaandikia wapiga vinanda.

Sehemu ya pili, Petrushka anatupwa kwa teke ndani ya chumba chake. Hapo klarineti mbili zinapiga kitu kilichofanya watu waite sauti ile kwa jina la Petrushka. Chukua do-mi-so ya C. Vibao vyote vitatu ni vyeupe. Sasa chukua do-mi-so nyingine inayoanzia F kali (F#). Vyote vitatu ni vyeusi: kile cha kwanza na cha tatu katika kundi la vyeusi vitatu, kisha cha kwanza katika kundi la viwili linalofuata juu yake. Hizo mbili ziko mbali kuliko umbali wowote kwenye duara la funguo. Stravinsky akazipiga pamoja.

Kila moja peke yake inaingia kwenye tenzi yoyote ya Jumapili. Pamoja ni mtu mmoja mwenye roho mbili, nusu mbao nusu mtu. Na ninachokipenda ni kwamba wazo hili limetoka kwenye umbo la piano, mkono mmoja kwenye vyeupe, mwingine kwenye vyeusi. Ile koncheto iliyokufa bado inapumua humo.

Mwisho kabisa, gulio limetawanyika, theluji inaanguka, na Petrushka aliyeuawa anatokea juu ya paa. Tarumbeta zilizozibwa zinampigia. Kisha nyuzi zinadonolewa kwa vidole, chache, chini, na hakuna kingine. Stravinsky aliandika na mwisho mwingine wa kelele kwa ajili ya kumbi za muziki, unaokata hadithi kabla ya kifo. Nashukuru Jumamosi hawakuuchagua. Kiongozi wa okestra alibaki na mkono hewani, na ukumbi mzima tukabaki nao.

#13 Mchangiaji

Ni mimi wa kinanda. Nimejaribu jana baada ya mazoezi ya kwaya. Kulia vyeupe vitatu, kushoto vile vyeusi ulivyoelekeza. Inakwaruza masikio, mwalimu wa kwaya amegeuka kunitazama. Ndiyo hiyo au nimekosea?

#14 Mleta uzi

Ndiyo yenyewe, hujakosea. Sasa usiikandamize kwa pamoja. Punguza sauti. Zivunje: kulia do, mi, so zikipanda, kushoto zipande wakati huo huo, haraka, kama klarineti mbili zinazosemezana. Rudia mara tatu. Kisha mikono ipokezane, kulia mara moja, kushoto mara moja, ukiongeza mwendo, mkono wa kushoto uingie ndani zaidi kwenye vyeusi ili usigongane na wa kulia. Ongeza tena. Ukifika mahali vidole vinataka kukushinda, nyamaza ghafla, ondoa mguu kwenye kanyagio. Hapo ndipo Petrushka anapoinuka sakafuni.